Mguu wa Mtoto Mmoja: Historia ya Fidia ya Chanjo



Huenda unaisoma makala hii barazani Kilwa Kivinje, ama Lindi mjini, ama Likawage huko bara ya Kilwa, ambako bahari haionekani lakini adhana, maulidi na hesabu za mirathi zajulikana kama zinavyojulikana pwani. Popote ulipo, kama una mtoto mdogo nyumbani, basi unayo kadi ya kliniki. Aghalabu imetiwa katika mfuko wa nailoni ikawekwa juu ya kabati au chini ya godoro la mama yake. Ndani ya kadi hiyo mna tarehe, uzito wa mtoto, na orodha ya chanjo alizopata. Watu wengi huitazama siku ya kliniki tu. Leo nakuomba uitazame kwa jicho jingine, kwa sababu siku moja huenda ikawa ndiyo shahidi wa pekee ulio naye.

Tuseme, na ni kusema tu, maana simkusudii mtu, kwamba mtoto wa nyumba moja ya Likawage amechanjwa asubuhi. Jioni akashikwa na degedege. Baada ya mwezi mguu mmoja haukanyagi. Bibi yake asema ni sindano. Mganga wa zahanati asema ni homa iliyomkuta mtoto siku ile ile. Jirani asema ni mkono wa mtu. Baba amekaa kimya ukumbini na kichwani mwake mna maswali matatu: Je, nidai? Nikidai, nimdai nani? Na wakija watu na bahasha, wakaniambia pokea na utie sahihi, mambo yaishe, je, nipokee?

Maswali haya si mapya, wala si ya Likawage peke yake. Yameulizwa Ujerumani, Marekani, Uingereza, na yameulizwa kwa uchungu mkubwa katika mji wa Waislamu wenzetu, Kano. Wala usidhani sharia yetu haikuyajua. Iliyajua kabla sindano haijabuniwa.

Kwanza tuwe waadilifu kwa chanjo yenyewe. Neno hilo latoka katika kuchanja, yaani kukata ngozi kwa kisu au wembe, na ndivyo chanjo ya kwanza ya ndui ilivyokuwa: ngozi ilikwaruzwa na dawa ikatiwa. Ndui iliua, ikapofusha, na aliyepona alibaki na makovu usoni hadi kaburini. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Mwislamu wa pwani hii hii ya Afrika Mashariki: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, aliyetokwa na upele mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na bado alikuwa ameikwepa chanjo, na baadaye alisema kwamba aliogopa itamuuma. Alipona. Miaka mingi baadaye akawa anazunguka nchini mwake kuwahimiza wazazi wawapeleke watoto wakapewe matone ya polio, akiwasimulia yaliyompata. Alifariki 2013, akiwa katika kazi hiyo, kwa malaria.

Basi mwenye kusema chanjo ni sumu hana la kuieleza dunia kuhusu ndui ilikokwenda. Lakini na mwenye kusema chanjo haina madhara kabisa naye hasemi kweli yote. Chanjo ile ile iliyoiondoa ndui iliua mtu mmoja au wawili katika kila milioni waliochanjwa mara ya kwanza. Matone ya polio yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, ambayo yamewaokoa watoto wasiohesabika, humpooza takriban mtoto mmoja kati ya milioni 2.7 wanaopewa tone la kwanza. Idadi hii ni ndogo sana kwa mwenye kuhesabu. Kwa mama wa mtoto huyo mmoja, hesabu hiyo haina maana. Kwake yeye ni mtoto wake wote.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Maelfu kwa maelfu wananufaika, na mmoja analipa kwa mguu wake. Nani ambebe huyo mmoja?

Wa mwanzo kulijibu swali hili kwa sheria za kizungu walikuwa wale wale waliotutawala Kilwa, Wadachi. Mwaka 1794 dola ya Prusia iliandika katika sheria zake kwamba mtu akilazimika kutoa haki yake kwa ajili ya manufaa ya wote, dola sharti imlipe. Mwaka 1874 Ujerumani ikatunga sheria ya kuwalazimisha watu wote kuwachanja watoto ndui. Ungedhani sheria hizi mbili zingekutana mapema, lakini hazikukutana. Mwaka 1937 mahakama yao kuu ya Leipzig ilimkatalia mdai aliyeumizwa na chanjo, ikisema hilo ni jambo linalowakabili watu wote sawasawa. Hadi tarehe 19 Februari 1953, baada ya vita na maangamizi, ndipo mahakama kuu mpya ya Ujerumani ya Magharibi ilipogeuza kauli: aliyeumia kwa chanjo ya lazima amejitolea mhanga kwa ajili ya wenziwe, na dola lazima imfidie, hata kama hakuna aliyekosea. Mwaka 1961 jambo hilo likatiwa katika sheria ya maradhi ya kuambukiza.

Niruhusu nitoke njiani kidogo. Kila nikifikiri juu ya kanuni ile ya Prusia ya 1794, mawazo yanakwenda milima ya Matumbi. Huko Nandete, Julai 1905, ndiko vilikoanza vita vya Maji Maji. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa ya maji na ahadi kwamba risasi zitageuka maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na risasi hazikugeuka. Wamatumbi, Wangindo na wengine wakafa, na waliokufa kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa ni wengi kuliko waliopigwa risasi. Wanahistoria hutaja watu kati ya 75,000 na 300,000. Wadachi walikuwa na kanuni nzuri juu ya mtu anayetolewa mhanga kwa ajili ya dola, lakini kanuni hiyo haikupanda merikebu kuja Kilwa. Rais wa Ujerumani alikuja kuomba radhi Songea tarehe 1 Novemba 2023, na radhi ni radhi. Fidia ni jambo jingine. Nayasema haya kwa sababu watu wa Kilwa wakiambiwa na serikali yoyote kwamba dawa hii haina neno, wana kumbukumbu ndefu, na si vizuri kuwacheka.

Turudi njiani. Nchini Marekani swali hili lilikuja kwa mlango wa mahakama. Aprili 1955 chanjo ya polio ya sindano ilipoanza kutolewa kwa umma, kiwanda kimoja cha California, Cutter, kilitoa dawa ambayo ndani yake kirusi kilikuwa hakijafa. Watoto wapatao 40,000 waliugua ugonjwa mwepesi, wapatao 200 wakapooza, na watu 10 wakafa. Kesi ilipofika mbele ya baraza la wazee wa mahakama, Januari 1958, wazee wale walitoa hukumu iliyowashangaza mawakili. Walisema kiwanda hakikufanya uzembe, kwa sababu kilifuata maelekezo ya wakati ule. Juu ya hayo wakasema kilipe, kwa sababu kimeuza kitu kwa ahadi kwamba ni salama na hakikuwa salama. Watoto wawili waliopooza katika kesi ile wakapewa jumla ya dola 147,300.

Hukumu ile ilifungua mlango, na mlango ukafunguka mno. Kufikia miaka ya 1980 viwanda vingi vya Marekani vilikuwa vinaacha kutengeneza chanjo kwa kuogopa kesi, hata ikahofiwa kwamba watoto watakosa dawa. Ndipo 1986 Baraza la Kongresi likatunga sheria: kila chanjo iuzwapo, itozwe ushuru mdogo, ambao sasa ni senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa; fedha hizo ziwekwe katika mfuko; na mwenye kudai aende kwenye mfuko kwanza kabla ya kukishtaki kiwanda. Hana haja ya kuthibitisha uzembe. Athibitishe tu kwamba madhara ni ya chanjo, na kwa madhara yaliyoorodheshwa, yakitokea ndani ya muda uliowekwa, hata hilo halimpasi kulithibitisha. Uingereza ilitangulia mwaka 1979 kwa kulipa kiasi kimoja kwa kila aliyelemaa vibaya: pauni 10,000 wakati huo, na tangu 2007 pauni 120,000. Huo ndio mtindo ambao wanasheria wameuita fidia isiyotafuta mkosaji.

Sasa, ndugu msomaji, hebu tuulize: je, hili ni jambo la kizungu?

Katika mwaka wa 8 wa Hijra, baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin al-Walid (r.a.) kwa kabila la Banu Jadhima. Watu wale walitaka kusema kwamba wamesilimu, lakini hawakujua kulitamka vizuri, wakasema neno jingine. Khalid akafahamu vingine, na wakauawa watu. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliinua mikono akajitenga mbele ya Mola wake na kitendo kile. Kisha hakuishia hapo. Alimtuma Sayyidna Ali (r.a.) na mali, akawalipe. Ali akalipa diya za waliokufa na thamani ya vilivyoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa akakilipia. Ilipobaki mali mkononi mwake akawauliza kama wanalo dai lililosalia. Waliposema hapana, akawapa yote iliyobaki kwa ihtiyati, kwa ajili ya lile ambalo huenda wao wala yeye hawakulijua. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa, alikisifu kitendo hicho. Angalia, msomaji: mjumbe wa dola amekosea akiwa kazini, na dola ndiyo iliyolipa, tena haikungoja kushtakiwa, tena ikaongeza.

La pili lilitokea katika zama za Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.). Alimwita mwanamke mmoja kwa jambo lililofikishwa kwake. Mwanamke yule alikuwa mjamzito, akaingiwa na hofu njiani, na mtoto akatoka, akafa. Umar akawashauri masahaba. Baadhi yao wakamwambia kwamba yeye ni mtawala aliyekuwa akitimiza wajibu wake, hana deni. Ali alikuwa amenyamaza. Umar alipomgeukia, alisema kwamba ikiwa hiyo ndiyo rai yao basi wamekosea, na ikiwa wanataka kukufurahisha basi hawakukutakia heri; diya ya mtoto ni juu yako, kwa sababu ni wewe uliyemtia hofu mama yake. Umar akaikubali, na akaamuru mzigo huo ugawanywe kwa jamaa zake.

Kisa hiki ndicho nilichokitaka. Umar hakufanya dhambi wala uzembe. Alitenda kazi ya uongozi kwa ajili ya watu, na katika kuitenda akaumia asiye na hatia. Na fidia haikumwangukia mtu mmoja. Iligawanywa kwa jamaa, ambao wanazuoni huwaita aqila, yaani wale wanaobebana katika diya ya kosa lisilokusudiwa. Sasa uweke ushuru ule wa senti 75 kando ya aqila, uone kama havifanani. Waliochanjwa wote, na wazazi wao, wamefanywa jamaa wa kumbeba yule mmoja.

Kuhusu tabibu mwenyewe, sharia imepambanua. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayejitia utabibu na hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa anachokiharibu. Ama tabibu stadi aliyepewa ruhusa, akaitenda kazi kama ipasavyo, wala mkono wake haukuvuka mpaka, huyo hadaiwi kwa madhara yaliyokuja baadaye. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damaskas aliyefariki 1350, aliwagawa matabibu mafungu kadhaa katika jambo hili, na kuhusu stadi aliyekisia dawa akakosea alitaja kauli mbili: ama ilipe aqila yake, ama ilipe baitulmali. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati aliyechanja kwa sindano safi, kwa dawa iliyohifadhiwa katika baridi, kwa umri uliowekwa, usimwendee na fimbo. Yeye si mdaiwa wako. Lakini kama sindano ilitumiwa mara mbili, au dawa ilikaa juani, hapo maneno ni mengine.

Na kiasi? Sharia ilipanga: mguu mmoja ni nusu ya diya, ngamia 50, na mguu uliokufa kazi yake ni kama uliokatwa. Jeraha lisilopangiwa kiasi hukadiriwa na watu waadilifu. Kanuni ile haikuuliza kama baba wa mtoto ni tajiri au ni mkata mkaa. Likumbuke hilo, maana tutalirudia.

Sasa twende Kano, na huko hatutakwenda haraka.

Mwaka 1996 homa ya uti wa mgongo ililipuka Nigeria ya kaskazini, watu wakafa kwa maelfu. Katika hospitali ya maradhi ya kuambukiza ya Kano, mwezi wa Aprili, madaktari wa kampuni ya Pfizer walikuja na dawa mpya iitwayo Trovan, wakaijaribu kwa watoto. Haikuwa chanjo, ilikuwa dawa ya kutibu. Lakini yaliyofuata yaliigusa chanjo vibaya, kama utakavyoona. Watoto 200 walitiwa katika jaribio lile, nusu wakapewa Trovan na nusu dawa nyingine iliyokwisha kujulikana. Watoto 11 walikufa, 5 kwa wale wa Trovan na 6 kwa wale wengine; na baadhi ya waliosalia walibaki viziwi, vipofu, ama wamepooza. Kampuni ilisema ni ugonjwa wenyewe uliofanya hayo, na kweli ugonjwa ule hufanya hayo. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba watoto wao wanajaribiwa, hali ya kuwa katika hospitali ile ile kulikuwa na madaktari wa shirika la hisani waliokuwa wakitibu bila malipo kwa dawa inayojulikana.

Habari ilifichuka Desemba 2000 katika gazeti la Washington Post. Mwaka 2001 familia zikaishtaki kampuni huko New York. Kesi ikazungushwa miaka minane juu ya swali moja tu, kama mahakama ya Marekani ina haki ya kuwasikiliza watu wa Kano. Mwaka 2007 serikali ya jimbo la Kano ikashtaki nyumbani. Hatimaye, Julai 2009, pande mbili zikakubaliana kumalizana nje ya mahakama: dola milioni 75. Katika hizo, milioni 35 ziliwekwa katika mfuko wa walioathirika, milioni 30 kwa miradi ya afya ya jimbo, na milioni 10 kwa gharama za kesi. Kampuni ililipa huku ikikana kwamba imefanya kosa lolote.

Mfuko ulipofunguliwa, wadai waliokuja walikuwa wengi kuliko watoto wa jaribio: zaidi ya 500. Hapo ikaamriwa kwamba kila mdai apimwe DNA. Baadhi ya wazazi walikataa, wakihofia kudanganywa mara ya pili. Ubishi ukachukua miaka miwili. Malipo ya kwanza yalitolewa Agosti 2011, kwa familia nne zilizofiwa, dola 175,000 kila moja. Hesabu mwenyewe: mtoto alikufa 1996, fidia imefika 2011. Kama mtoto huyo alikuwa na mdogo wake aliyezaliwa mwaka ule, mdogo huyo alikuwa amekwisha kuota ndevu.

Na katika miaka ile ya kungoja, ghadhabu ilitafuta pa kutokea. Mwaka 2003 Kano ikasimamisha matone ya polio. Viongozi wakubwa wa Kiislamu walisema wana shaka na dawa za Wazungu, na waliposema hivyo, kila mtu mjini aliwakumbuka watoto wa Trovan. Chanjo ilisimama miezi 11, hadi Julai 2004, na ikaanza tena kwa matone yaliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini kirusi hakikungoja. Kilitoka Nigeria kikaingia nchi jirani, kikavuka Sudan, kikafika Yemen na Saudia, na 2005 kikawapooza watoto wa Indonesia yenyewe. Waliopooza aghalabu walikuwa watoto wa Kiislamu, nao hakuna mfuko uliowangojea. Afrika ilitangazwa kuwa imeepukana na polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020, na Nigeria ndiyo iliyokuwa nchi ya mwisho.

Mimi nawalaumu waliosimamisha chanjo, siwezi kuficha. Lakini nawalaumu zaidi waliowangojesha wazazi miaka 15. Mdai aliyesikilizwa mapema hana sababu ya kuuhofia mkono mwingine unaokuja na dawa.

Jambo moja katika suluhu ya Kano lahitaji kutazamwa na sisi watu wa madhehebu ya Imam Shafi. Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomwa tangu zamani katika vyuo vya pwani yetu, inasema kwamba suluhu pamoja na kukana haisihi. Yaani mdaiwa akikana deni kisha akatoa kitu ili mdai anyamaze, mapatano hayo ni batili. Mahanafi, Mamaliki na Mahambali wanaijuzisha, kwa kuwa inakata ugomvi. Imam Shafi aliona kwamba ikiwa dai ni la uwongo, mdai anakula mali ya watu kwa batili. Na ikiwa ni la kweli, mdaiwa anaizuia haki kwa kukana, kisha aipunguza. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, kila suluhu ya makampuni huandikwa neno lile lile, kwamba wanalipa bila ya kukiri. Aliyetiwa katika jambo kama hili na amwendee sheikh wake amweleze karatasi inavyosema, asione haya. Kwa maoni yangu, mfuko usiotafuta mkosaji una nafuu hapa, kwani hakuna anayetuhumiwa wala anayekana. Ni watu waliojifunga kubebana.

Na kuna la mtoto. Baba au babu ni walii, si mwenye mali. Fidia ya mguu wa mtoto ni mali ya mtoto. Walii haruhusiwi kuisamehe, wala kuipunguza pasipo maslaha ya mtoto, wala kuiezekea nyumba ya wengine. Na ikiwa mtoto amefariki, diya yake ni mirathi, ina mafungu yake, na mama ana fungu lake. Nimeona nyumba zikigombana kwa fedha ndogo kuliko hizo.

Tufike Tanzania yetu. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975, na kwa miaka yote hiyo haikuundwa njia ya kumfidia aliyeumia bila ya kutafuta mkosaji. Hatukuwa peke yetu. Uchunguzi wa dunia uliofanywa 2018 ulikuta nchi 25 tu kati ya 194 zenye mpango wa namna hiyo, na Afrika haikuwamo. Mlango ulifunguliwa kwa muda wakati wa maradhi ya Uviko. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipatana na kampuni ya bima ya Chubb kuanzisha mpango wa fidia kwa nchi 92 za kipato kidogo na cha kati zilizopata chanjo kupitia COVAX, nasi tulikuwamo. Shehena yetu ya kwanza, zaidi ya dozi milioni 1, ilifika Julai 2021. Gharama yake ilitolewa kwa tozo juu ya kila dozi, na ndiyo mara ya kwanza mpango wa aina hii kuvuka mipaka ya nchi moja. Mwaka huo huo Afrika ya Kusini ikaanzisha wake.

Ulikuwa na mambo mawili ya kuyajua. Anayepokea hutia sahihi kwamba hatafungua kesi tena popote. Na kiasi cha malipo hupimwa kwa wastani wa pato la mtu katika nchi ya mdai. Hapo ndipo niliposema tutarudi. Kwa kipimo hicho mguu wa Likawage hauwi sawa na mguu wa nchi yenye mafuta, ijapokuwa yote miwili ni miguu. Sisemi mtu asipokee. Nasema aliyekikadiria kipimo hicho alikadiria kwa kalamu ya wenye bima, na ngamia 50 walikuwa ni ngamia 50.

Kwa chanjo nyinginezo, njia iliyopo ni ya mahakama, na ni ndefu. Mwenye kuishtaki serikali lazima kwanza atoe taarifa ya siku 90, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu. Kesi yafunguliwa Mahakama Kuu, na kwa watu wa mkoa wa Lindi hiyo ndiyo ya Mtwara, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Kilwa. Madai ya madhara ya mwilini yana muda wa miaka mitatu, ingawa sheria humngoja aliye mdogo hadi abaleghe. Na huko Mtwara hapatoshi kusema kwamba degedege lilikuja baada ya sindano. Hakimu atauliza kama lilikuja kwa sababu ya sindano, na kama kuna aliyezembea. Watoto wa umri huo hushikwa na degedege hata wasipochanjwa, kwa malaria na kwa homa nyingine. Kwa hiyo siku mbili kufuatana si ushahidi. Sharia nayo yasema hivyo hivyo: dhana haiondoi yakini.

Kwa baba yetu wa Likawage, basi, kazi ya kwanza si kutafuta wakili. Ni kumrudisha mtoto hospitali siku ile ile, aandikwe. Daktari ana wajibu wa kuripoti dhara lililotokea baada ya chanjo, na ripoti hufika kwa mamlaka ya dawa, TMDA. Amwombe afanye hivyo, kwa adabu, na asitoke mpaka ameona imeandikwa. Aulize namba ya toleo iliyokuwa juu ya kichupa, kwani kila kichupa kina namba, na kwa namba hiyo ndipo ilipojulikana 1955 ni kiwanda gani kilichokosea. Aulize kama watoto wengine waliochanjwa asubuhi ile wana neno. Kama wapo watano, habari ni moja; kama ni wake peke yake, habari ni nyingine. Na mdogo wake mtoto asimzuilie chanjo wakati wa kungoja majibu, ila daktari akisema azuie.

Ama ile kadi, mama aitoe chini ya godoro. Wino wa kalamu za zahanati hufifia kwa unyevu wa masika. Aiandike upya kwenye daftari, tarehe kwa tarehe, na jina la chanjo kando yake, wakati bado yasomeka.